Shubiri ya Juu

Masatu alizima injini mkabala na mdomo wa Simiyu.
Tukausukuma mrija chini, taratibu,
ukazama kama sindano kwenye paja la mtoto.
Ziwa halikulia.
Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuuona mrija ule ukipanda,
umejaa yote yaliyomwagwa, kwa mpangilio.

Leo nimeulaza mezani, Nyegezi.
Nina kisu chembamba, rula,
vibakuli mia moja na kumi vyenye vifuniko.
Nyamizi anaandika namba, mimi nakata.
Naanzia chini, kama wasomavyo wafu.

Chini ni kijivu tu.
Mwani uliokufa ukawa kioo, vumbi la bara,
mvua zilizonyesha zikasahaulika,
jino la furu, dogo kuliko punje ya ulezi,
na jingine, na jingine.
Miaka mia nne inapita chini ya kisu changu
na hakuna aliyeacha hata kikohozi.

Kisha inaanza shubiri ya juu.
Kidole gumba kwenye ncha moja, kidogo kwenye ncha nyingine:
humo tumo sote.

Masizi kwanza. Msitu ulikaa hapo, sasa ni mstari mweusi.
Halafu wekundu:
vilima vimevuliwa nguo, udongo umeshuka na masika
ukijikokota kuja kulala huku chini.
Halafu pamba.
Pamba yenyewe haipo. Ipo dawa yake.
Mashine inaitaja kwa jina refu lenye herufi za kukwaza ulimi;
nyumbani tuliita dawa, basi,
ilikaa uvunguni karibu na chumvi.

Baba, nakuona.
Bomba mgongoni, kipande cha kanga ya mama puani,
unapita mstari kwa mstari hadi jua linachoka.
Jioni unalisuuza bomba kijitoni,
maji yanageuka meupe,
nasi watoto tunapiga kelele: mto umekamuliwa!
Hata wewe ulicheka.
Marobota yalipopimwa ulizikunja noti ndani ya soksi,
ukapanda lori hadi shuleni kwangu,
ukazihesabu mbele ya mhasibu mara mbili
ukilamba kidole,
kidole kile kile.

Sentimita ya saba. Ndipo ulipo.
Unene wa ukucha,
chini kidogo ya pale meno ya furu yanapokoma.
Sisemi uliwaua wewe.
Sangara aliletwa kwa ndoo za wenye vyeo,
majitaka ya mjini yalikuja yenyewe bila kualikwa,
mwani ukanenepa, pumzi ikaisha huko vilindini.
Mashapo hayana hakimu wala wakili.
Kila kiangukacho kinapokelewa,
kinafunikwa na cha kesho.

"Saba niandike nini?" Nyamizi aliuliza.
Nikasema: andika karo ya kidato cha pili.
Alicheka. Akaandika saba.

Nilitaka kumweleza kwamba sikutania.
Kwamba mkono huu unaojua kushika kisu bila kutetemeka,
macho haya yanayotofautisha jino na chembe ya mchanga,
yalinunuliwa kwa tope hili hili ninalolikata.
Lakini glavu zilikuwa zimelowa, na saa sita ilikaribia,
na kuna mambo ambayo ukiyasema maabara
yanataka kibakuli chake.

Tabaka la mwisho halijawa tabaka bado.
Ni uji. Linatikisika nikipumua.
Nimeliweka chini ya hadubini na kukuta uzi mmoja,
haukuota popote, wala hautaoza.
Wa wavu, labda. Au wa gunia.
Ni wa buluu iliyokoza,
buluu ya sweta ya shule ya mjukuu wangu Holo,
niliyoifua Jumapili, nikamwaga povu mtaroni
huku nikiongea na jirani.

Nyamizi anasubiri, kalamu iko wazi.
Mia moja na kumi, anasema.
Niandike nini?